Udongo Mwekundu kwenye Jiwe Lako

Mpendwa dada yangu Nasieku,

Mtu wa bahati ndiye anakuandikia. Toka Kitengela mpaka Illasit hakuna mkono kama huu wangu: anayechimba kando yangu lazima apate. Wewe si ni shahidi? Wiki tatu ulichimba ukatoka mikono mitupu. Nikaletwa kukuchekechea udongo, na siku ya nne ukapata shoka la jiwe mpaka Profesa, mkubwa wetu wa kuchimba, mwenyewe akavua kofia. Hiyo hadithi nimeisimulia hapa Kitengela hadi Mama Abdi wa dukani akaniambia, "Wewe, kama mkono wako ni wa bahati, mbona hata mke haujamshika?" Tunacheka sana. Halafu nafika kwa chumba changu, na huko hakuna wa kucheka na mimi.

Unakumbuka kampi yetu kule ng'ambo ya Ewuaso Kedong? Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Nyinyi wageni mlikuja kujitolea, mkaacha baridi yenu mje kupiga magoti juani na brashi mkononi. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini kazi niliishika haraka. Kila mtu na mraba wake wa kamba, unakwangua polepole, udongo unaenda kwa chekeche, na kitu kinapimwa pale kimelala kabla hakijaguswa. Hapo ulikuwa mkali. "Jiwe likitolewa mahali pake," ukanifundisha, "linakuwa bubu." Nikakwambia hata mimi nilitolewa Kakamega na bado naongea. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mama Naisula, mpishi wetu, ndiye alikupa hilo jina la Kimaasai, Nasieku, yule anayewahi, kwa sababu ulikuwa shimoni kabla chai haijachemka. Alikuwa anakupigia salamu ya kwao, "Takwenya!", toka jikoni na wewe unaitikia "Iko!" kwa nguvu mpaka mbuzi wanageuka.

Na ile sheria yake tamu: aliyepata kitu anagonga sufuria, kazi inasimama, na kikombe cha kwanza cha chai ni chake. Wenzako waligonga hadi sufuria ikabonyea. Wewe hapana. Ulikunywa chai ya bahati ya wengine ukiwapongeza, na zilikuwa zimebaki siku mbili mrudi kwenu. Siku hiyo uliniambia bila kuinua kichwa, "Mama yangu alisema naenda mbali kuchimba shimo la bure. Nafikiri alijua." Nikatikisa chekeche tupu.

Ukaenda kula chakula cha mchana. Mimi nikasema sina njaa.

Uliporudi, hata nusu saa haikuisha, mwiko wako wa kukwangulia ukagonga kitu. Ulikimbia jikoni na vumbi lako lote, ukaigonga ile sufuria mpaka Mama Naisula akapiga kelele, "Nasieku! Hiyo si ngoma ya kanisa!" Kikombe cha kwanza ukapewa, na wewe ukaniletea mimi. Ukasema, "Huyu ndiye mkono wa bahati." Jina langu lilianzia hapo. Chai ile ilikuwa na sukari nyingi na sikuweza kuimaliza.

Barua yako ya kwanza ilisema umerudi shule kusoma mambo ya watu wa kale, na jiwe, ulilopewa na Profesa ulichunguze, ndilo limekurudisha. Nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika. Ya pili ilikuwa fupi: "Kaka, kwenye ufa wa jiwe nimekuta udongo mwekundu. Shimo letu lilikuwa jeupe kama jivu. Wewe ulikuwa hapo. Niambie ukweli kabla sijalisimamia mbele ya walimu wangu."

Nikakujibu kurasa mbili za mzaha. Ati labda wazee wa kale walikuwa wanapaka rangi ya midomo. Ati nikijenga nyumba ya mawe ikaanguka nitakuita uje kuichimba. Kuhusu udongo, hata neno moja. Hukuandika tena.

Sasa hapa kila mtu ako na simu kiunoni, lakini mimi bado naenda kuangalia sanduku la posta. Kadi niliyokutumia ilirudi na muhuri kwamba hukai pale tena. Ndiyo maana nakuandikia hivi gazetini, mbele ya watu wote, pengine mmoja wa kampi ataisoma akufikishie. Nikikutana na Mama Naisula soko la Kajiado anauliza, "Nasieku ameandika?" Namwambia ameandika, anakusalimu. Anafurahi mpaka naona aibu.

Sijui kama ulisimama mbele ya wale walimu. Sijui kama walikucheka. Hilo ndilo naamka nalo.

Basi, dada, popote uliko, uwe na mtu wa kukuletea chai shimoni. Swali lako limekaa miaka mingi, na jibu lake ni fupi. Udongo mwekundu ni wa korongo nyuma ya jikoni. Hapo ndipo niliokota lile jiwe siku moja kabla. Mkono wa bahati sina, sikuwahi kuwa nao. Jiwe nililizika mimi, ulipokuwa unakula.

Ni mimi kaka yako,
wa chekeche