Kamera Ndogo Nyumbani kwa Hajati Mabruka

Jumapili, 25 Agosti 2024

Imefika. Kitu cha kwanza nimeiweka juu ya mizani ya jikoni, ile ninayopimia semolina ya makrud, vile vitamu vya tende. Na lenzi yake haifiki gramu mia saba. Ile kubwa ilikuwa kilo mbili na nusu, na nimeibeba miaka kumi na mmoja kwenye harusi za wanawake hapa Tripoli mpaka kifundo cha mkono wa kulia kimegoma. Daktari kasema nikiendelea nayo, mwakani nitashindwa hata kufungua chupa ya maji. Basi nimeiuza. Kurudi nyuma hakuna.

Ninachoshangaa ni hiki: kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa sawasawa na cha ile kubwa. Ndiyo sababu nimeichukua hii na si nyingine. Wamekipenyezaje humo? Nimetoa lenzi, nimechungulia. Kimekaa pale kinang'aa, kimejaza mlango mzima.

Milud, mume wangu, kaigeuzageuza mkononi kisha kaniuliza kamera yenyewe iko wapi, maana hiki ni kiboksi chake.

Jumatatu, 26 Agosti

Siku nzima naichunguza. Kila ilichopunguza imekidai mahali pengine.

Betri — picha mia tatu, imekwisha. Ile kubwa nilikuwa nairudisha nyumbani na chaji nusu. Pa kushikia hapatoshi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani hakina kazi. Kidirisha cha kuchungulia ni kidogo, miwani yangu inagonga. Ikipigwa jua inachemka kama birika na kuandika onyo.

Na kadi ya kuhifadhia picha. Tundu ni moja tu. Ile kubwa ilikuwa na mawili, nami nilikuwa na mpango wangu: kadi ya kwanza ya mama wa bibi harusi, ya pili yangu mwenyewe. Nabonyeza kitufe, naruka kwenye yangu, napiga viatu mlangoni, paka chini ya meza, mikono ya wanaoosha vyombo. Vitu ambavyo hakuna anayevilipia. Halafu narudi kazini.

Kadi ya kwanza huwa siondoki nayo. Wanawake wanakuwa wamevua mitandio, wamevaa mabega wazi, wanacheza. Simu zote zinaachwa mlangoni kwenye kapu. Mimi tu ndiye mwenye jicho mle ndani, na kabla sijavuka kizingiti naitoa kadi, naikunja kwenye kitambaa, namkabidhi mama mwenye nyumba. Ndiyo maana wananiita miaka yote hii.

Jambo moja limenifurahisha mno: inapiga bila sauti. Kimya kabisa. Nimempiga Milud picha arobaini anakula mbakbaka, tambi zinamning'inia kidevuni, hajajua hata moja.

Jumatano, 28 Agosti

Kwa Hajati Mabruka, kupanga harusi ya binti yake mdogo, Wijdan. Nikaiweka kamera mezani kando ya chai. Akaitazama hiyo kamera, akanitazama mimi.

"Huwayda mwanangu, na kubwa utakuja nayo siku yenyewe?"

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo.

"Hii? Hii si ya watalii? Mama mkwe wa Wijdan ataona nimeita mpita njia."

"Hajati, ndani ni sawa na ile kubwa."

"Ndani nani anapaona? Watu wanatazama nje."

Ana haki yake. Kamera kubwa ilikuwa sehemu ya mapambo ya shughuli, kama viti vya dhahabu. Nikipita nayo wanawake wanakaa sawa, wanavuta matumbo ndani. Mwisho kakubali, ila kanitaka nivae gauni la heshima ili angalau mimi nionekane mkubwa.

Wakati wa kutoka nilimwona Najiya, dada yake Wijdan, amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Mumewe, Abdulhakim, kafariki mwezi wa saba. Yuko eda. Hapaki wanja, hagusi hina, havai dhahabu, hatoki. Harusi ilishapangwa na bwana harusi ana likizo ya wiki mbili tu kutoka Malta, kwa hiyo haikuahirishwa. Najiya atakaa chumba cha nyuma shughuli zote, mlango umerudishwa. Hajati alinieleza haya kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza bomba limepasuka wapi.

Jumanne, 3 Septemba

Siku ya hina. Naandika kabla sijalala, miguu imevimba, mkono hauumi hata kidogo. Miaka kumi na mmoja ya maumivu kumbe yalikuwa ni uzito tu!

Walianza baada ya alasiri. Zamzamati — wale mama wa ngoma na nyimbo — walikaa pembeni ya ua, na wimbo wa kwanza tu ukawainua wote. Nikajaribu ule ukimya wangu. Balaa. Umeme ulikuwa umekatika, taa zinakwenda kwa jenereta, na kila picha ya kimya ikatoka na michirizi myeusi, kama mkeka. Nikarudisha sauti haraka. Mle uani ilibidi nipige kwa mlio, kwenye mwanga wa dirisha ndiyo naweza kunyamaza.

Lakini ajabu: hata kwa mlio hawakunijali. Hawakuvuta matumbo. Shangazi mmoja aliendelea kumsema wifi yake huku nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nyuso zilikuwa zao wenyewe. Sijawahi kupata nyuso kama zile, na nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ni wanawake wangapi niliowapiga kwa ile kubwa ambao kwa kweli sikuwaona.

Betri sasa. Mara nne nilikwenda kuchaji, na soketi pekee iliyounganishwa na jenereta na isiyo na birika juu yake ilikuwa chumba cha nyuma. Kwa Najiya. Kwa kamera kubwa nisingefika chumba kile.

Mara ya kwanza alikuwa anakunja nguo. "Hiki ndicho kinachokula umeme wetu?"

"Kinachoka haraka."

"Kama mume wa jirani yetu. Kila ukimtafuta kalala." Akacheka peke yake, kisha akajifunika mdomo.

Mara ya pili kaishika, kauliza inaonaje gizani, kauliza kwa nini kubwa zinaendelea kutengenezwa kama ndogo zinaweza. Nikamwambia ndogo zinakuchosha kwa njia nyingine. Mara ya tatu aliniuliza kule uani wamefika wimbo gani. Nikashangaa, maana ukuta ni mwembamba, anasikia kila neno. Nadhani alitaka kuusikia kutoka kwa mtu.

Nikabadilisha iwe kimya nilipoingia kwake, kwa heshima ya eda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mara ya nne mlango ulikuwa wazi kidogo. Trei ya mishumaa ya hina ilikuwa imetoka tu uani, nimeipiga picha, natembea na kamera mkononi. Najiya alikuwa mbele ya kioo cha kabati. Dhahabu ya Wijdan ilikuwa imetandazwa kitandani ikingoja siku yake, naye alikuwa amechukua hereni moja, moja tu, kaivaa. Na jicho la upande ule kalipaka wanja. Mabega yanafuata ngoma. Uso umetulia kabisa. Mwanga wa dirisha unamshukia shavuni.

Nikapiga. Hakusikia. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakohoa, nikagonga.

Alipofungua, hereni haikuwepo na jicho lilikuwa limefutwa, jekundu.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Najua. Mwishoni Hajati akanyoosha mkono, nikatoa kadi, nikaikunja kwenye kitambaa, nikampa. Akaniambia nimejitahidi kwa mtu mwenye kamera ya mtoto.

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi nimekaa na kahawa niitazame tena picha ya Najiya. Nimefungua mfuniko wa kamera. Tundu tupu.

Nikacheka kwanza. Nikatafuta kadi ya pili, ile yangu. Kidole kilikwenda chenyewe kutafuta tundu la pili, kikapapasa chuma.

Halafu nikakumbuka. Jana, nikiwa pale mlangoni, kidole gumba kilibonyeza kitufe kwanza, kama kawaida yangu. Kwenye hii kitufe kile kinabadilisha rangi tu. Hakuna pa kuruka. Najiya yuko kwenye kadi ya mama yake, katikati ya trei ya mishumaa na mama mkwe wa Wijdan akila lozi.

Na Jumamosi watazitazama kwenye televisheni! Wanawake wa pande zote mbili, sebuleni kwa Hajati. Mjane, hajamaliza hata siku sitini, ana hereni ya dhahabu na wanja, anacheza. Habari itakuwa imefika mtaa wa Suk al-Juma kabla chai haijapoa. Na hakufanya kwa kuonekana. Alikuwa amerudisha mlango. Ni mimi niliyechungulia.

Siwezi kunywa hii kahawa.

Nimefikiria ile sauti. Ile kubwa ilikuwa na mlio wa kufunga mlango wa gari. Mtu akiusikia anageuka, anakunja uso, anasema futa, au anacheka. Nilidhani ni kero. Kumbe ndiyo ilikuwa hodi yangu, na nimeizima kwa furaha.

Alhamisi, 5 Septemba

Harusi. Kadi mpya, betri tano, kazi safi. Nilipiga kwa mlio mwanzo hadi mwisho.

Nilimvuta Hajati kando, nikamwomba ile kadi ya hina kwa saa moja tu, nirekebishe rangi.

"Rangi zina nini?"

"Taa za jenereta, Hajati. Nyuso zimekuwa za kijani."

"Ziache. Nataka wanangu kama walivyo." Akajigonga kifuani, penye ufunguo wa sanduku. Kadi iko ndani, pamoja na hati za nyumba.

Ningemwambia ukweli pale pale. Nilifungua mdomo. Zamzamati wakaanza, akaenda. Nimeshukuru, na nimejichukia kwa kushukuru.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Leo betri niliziacha jikoni.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemweleza Milud. Kasema niiambie familia kadi imeharibika, niibadilishe, hawa mama watajua nini. Nikamwambia watajua kila kitu. Akauliza: na huyo Najiya, umemwambia?

Hapana. Ndilo jambo la kwanza nililopaswa kufanya na sikulifikiria hata mara moja. Nimehangaika na kadi siku tatu.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika juu ya goti, kwenye kitanda cha Najiya, chumba cha nyuma. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa kamera.

Nilikuja saa tisa niwawahi. Walishaniwahi. Mama mkwe wa Wijdan na dada zake wanne wamejaa sebuleni, chai ya karanga imeshamiminwa, Hajati ameshika rimoti kwa mikono miwili. Picha zinakwenda moja moja, maana kila moja lazima ijadiliwe. Walikuwa wanasifu. "Mabruka, huyu mpiga picha wako umemtoa wapi? Huyu mimi mwenyewe?" Hajati akanionyesha kwa kidevu, kajaa fahari, akawaambia kamera yake mnaiona ndogo, ndani ni sawa na kubwa.

Nilihesabu. Trei ya mishumaa bado picha mia na kidogo. Nikaja huku.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kwamba nilimpiga Jumanne, kutoka mlangoni, bila kubisha hodi. Kwamba iko kwenye kadi ile inayotazamwa sasa hivi. Kwamba naweza kwenda kuchomoa waya wa televisheni, aseme tu neno moja.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akauliza, "Hereni ilikuwa sikio gani?"

"La kulia."

"Nilikuwaje?"

Nikajaribu kumjibu habari za mwanga wa dirisha. Akanikatiza.

"Siulizi dirisha, Huwayda. Mimi nilikuwaje?"

Nikamwambia alikuwa mzuri. Nikamwomba msamaha. Hakusema kama amesamehe. Alisema, "Abdulhakim namlia kila siku. Jumanne nilimlia asubuhi na nikamlia jioni. Ule wimbo waliupiga kwenye harusi yangu." Akatazama kioo cha kabati. "Tangu alipokufa kila mtu ananitazama kujua kama bado nalia. Hakuna aliyenitazama hivi hivi tu."

Nikauliza nikachomoe waya?

Alifunga mtandio, akanyoosha gauni, akatoka. Hajatoka mbele ya wageni tangu mwezi wa saba.

Nimebaki. Ukuta ni mwembamba kweli, nasikia kila kitu. Wanasifu mishumaa. Mmoja anauliza trei imenunuliwa wapi. Hajati anajibu. Rimoti inalia, tik.

Wamenyamaza.

Kijiko kimewekwa kwenye sahani. Sauti ya mama mkwe wa Wijdan, taratibu: "Mabruka, huyu si mjane wenu?"

Naisikia rimoti, tik, tik, Hajati anazikimbiza picha.

Na sasa Najiya, kutoka mlangoni pa sebule, kwa sauti ya kawaida tu: "Ndiye mimi. Rudisha nyuma, mama. Sijaiona vizuri."