Darubini Ndani ya Begi la Athanasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Joanitha Cleophace. Umri: miaka 23. Kazi: karani, ofisi ya safari za watalii, Kayanga. Dini: Mkristo, Mlutheri. Makazi: Chonyonyo, Karagwe.

Afande, kabla hujaandika, nakuomba sana maneno haya yasitoke nje ya jalada hili. Meneja wangu, Bwana Rwegoshora, asijue kuwa ni mimi niliyesema. Nina miezi minne tu kazini.

Mnamo tarehe 15 Novemba 2025, majira ya saa tano asubuhi, nilikuwa mezani kwangu, kwenye dirisha linalotazama uani. Mgeni wetu, Bi. Hanneke kutoka Uholanzi, alikuwa amerudi kutoka Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa, ambako aliongozwa na Athanasi Hagenimana. Aliniuliza huku kwetu mwongozaji hupewaje bakshishi. Nilimjibu kwamba ni hiari, na hupewa mwenyewe mkononi wakati wa kuagana.

Akatoka. Nilimwona akivua darubini yake shingoni na kumpa Athanasi. Athanasi akarudi nyuma. "Hapana, mama, hiyo ni kubwa mno." Akampa tena, akakataa tena huku anacheka. Ndivyo tulivyolelewa: ukipewa kitu kizuri hukidaki mara moja kama mwenye njaa. Angemsihi kidogo tu, angepokea.

Athanasi akaenda bombani kunawa. Bi. Hanneke akaja dirishani, akaniambia kwa Kiingereza, "Amekataa mara mbili. Sitaki kumuudhi." Kabla sijamweleza, alilifungua begi la Athanasi lililokuwa kwenye benchi, akaiweka darubini chini ya koti la mvua, akaniashiria ninyamaze. Kisha akaagana na wote, akapanda gari kwenda mpaka wa Murongo.

Alasiri mvua ilinyesha. Athanasi alipovuta koti lake, darubini ikaanguka mbele ya meneja.

"Hii ya nani?"

"Ya yule mama, bosi. Sijui imefikaje humu."

"Imeota miguu, siyo? Nilisema mimi, watu wa kuja hawa!"

Athanasi amezaliwa Nyaishozi, hapa hapa Karagwe. Nilisimama niseme, meneja akanigeukia: "Wewe Joanitha ulikuwa unachapa barua. Hukuona kitu. Au kazi imekuchosha?" Nikakaa. Akaivaa ile darubini shingoni, akamleta Athanasi hapa kituoni.

Jioni nilimpigia Bi. Hanneke, hakupatikana. Leo asubuhi nimekuja mwenyewe. Umempigia mbele yangu, afande, na umemsikia: "Ni zawadi. Ni yake." Tangu hapo hata chai uliyonipa nimeweza kuinywa.

Ukinihitaji, tafadhali usipige simu ya ofisini. Mwone shangazi yangu Laurensia, anayeuza maharage sokoni Kayanga, umwambie mzigo wangu umefika. Nitakuja saa ya chakula, kwa mlango wa nyuma.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: J. Cleophace

Maelezo ya afisa: Mimi, WP Koplo Evaresta, nimeyaandika maelezo haya leo tarehe 16 Novemba 2025 na kumsomea shahidi. Mtuhumiwa ameachiwa huru. Nilimkabidhi darubini yake. Aliikataa mara mbili. Nilipomsihi mara ya tatu, aliipokea kwa mikono miwili.