Tulimpigia Vigelegele Mtu Mwingine

Turffontein, Johannesburg
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa Arlène, mtoto wa dada yangu,

Nimekukasirikia, lakini salamu kwanza. Hujambo, mwanangu? Ulifika salama? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimeisha? Sisi tuzima. Baridi imeingia na umeme unakatika unavyotaka, kwa hiyo saluni nasuka watu nimevaa koti. Baba yako mdogo Gustave bado analinda lile ghala la Fordsburg, ila mgongo unamsumbua.

Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona umesomwa, na hujibu. Ndiyo maana nimekaa nikaandika kwa mkono. Barua hii anakuletea Owuor, Mkenya wa benki ambaye mke wake namsuka. Anakuja Copenhagen kwa mkutano. Nimemwambia akupe mwenyewe mkononi, asiiache kwa jirani.

Sasa nisome vizuri. Ulikaa Johannesburg wiki nyingi mkifanya mazoezi ya ile opera, na Jumapili moja ukaja kwangu. Ulikula kidogo yale majani ya muhogo, sombe niliyokutwangia, ukasema unatunza sauti, hata kanisani hukuimba. Sikulalamika. Nilijua wewe ni soprano, mtu wa opera, na kazi hiyo ina masharti yake. Lakini siku hiyohiyo uliniona nikigawa vitenge pale mezani. Vya bluu, vyenye ndege, nilivichagua mwenyewe ili akina mama wote wa kwaya tushone sare tuje kukushangilia. Ulikishika kile kitambaa, ukasema ni kizuri. Arlène, hapo ndipo ungefungua mdomo.

Ulituambia umechukuliwa kwa nafasi ya binti mfalme. Hukusema umechukuliwa kama mchezaji wa akiba, wa kukaa chumba cha nyuma kila onyesho akingoja mwenye nafasi augue. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Mtu anajifunza nyimbo zote, maneno yote ya Kiitaliano, kila mahali pa kusimama, halafu anakaa kwenye kiti mpaka watu waende nyumbani? Nani alikufundisha kuvumilia jambo hilo?

Siku ya onyesho la mwisho tulikaa safu za katikati, sare tupu. Binti mfalme alipotokea, wigi la dhahabu, uso umepakwa hadi humjui, Mama Jeanne, kiongozi wa kwaya yetu, akarusha vigelegele. Wote wakafuata. Watu wakageuka kututazama, mzee mmoja akatuashiria tunyamaze, hatukunyamaza. Mimi peke yangu nilikuwa nimeshaona. Nashika vichwa vya watu kila siku, na shingo ile haikuwa yako. Tena wewe ukitembea mguu wa kushoto unaingia ndani, kama wa marehemu mama yetu aliyetuzaa mimi na mama yako. Yule alitembea amenyooka.

Mama Jeanne akanigusa bega. "Clémentine, juu ya nini unanyamaza? Si ule ni mutoto yako?"

Nikapiga vigelegele. Ningefanya nini? Miaka yote nimewaambia watu hawa kwamba mtoto wetu aliyetoka Uvira mgongoni mwa mama yake sasa ni mwimbaji wa Denmark. Kila yule dada alipoimba tulishangilia, na mwisho akatuinamia sisi kabisa, mkono kifuani. Anaimba vizuri, siwezi kumsema vibaya. Niliona aibu kwa ajili yangu na uchungu kwa ajili yako, na meno yangu yalikuwa nje nacheka.

Tulikusubiri mlango wa nyuma na maua. Ulitoka umevaa jinzi, ukaona ule ubluu wote, ukarudi ndani. Wenzangu hawakukutambua kwa sababu walikuwa wanamngoja mwenye wigi. Mimi niliuona mgongo wako. Chakula kilikuwa tayari nyumbani, samaki na bugali na sombe, tukakila kama watu wa msibani. Kesho yake ukaniandikia kutoka uwanja wa ndege: "Tantine, kule chumbani kuna spika, niliwasikia yote. Mulimushangilia sana. Nikifika naacha kuimba."

Unaacha, basi, hivyo tu. Na dada yangu ananipigia analia, ananiuliza nimekufanyia nini.

Mimi nimeifuata safari yako tangu kwaya ya kanisa pale Odense. Yule mwalimu Mdenishi alipokusikia na kumfuata mama yako kazini amwombe ruhusa, niliambiwa siku hiyohiyo. Ukaenda shule ya muziki Copenhagen, ukaimba nafasi za wajakazi na watawa, na ile sauti ya malaika inayotoka nyuma ya pazia. Kila moja kwangu ilikuwa sherehe. Saluni niliongeza chumvi, sikatai, lakini hata bila chumvi ningezisimulia. Nani alikwambia tunataka malkia?

Jana baada ya ibada niliwaambia akina mama ukweli. Mama Jeanne alikasirika, akasema vigelegele vyake vimeliwa bure. Halafu akatulia, akauliza kama unaijua ile opera yote, mwanzo hadi mwisho. Nikasema ndiyo. Akauliza unaiimbaje.

Sijui unaiimbaje. Arlène, mimi sijawahi kukusikia. Kwenye video unazotuma umesimama katikati ya watu wengi, macho yanakupata, masikio hayakupati. Ulipokuja kwangu ulikuwa unatunza sauti. Nimekutangaza mji mzima na sijui sauti yako ikoje.

Msalimie sana mama yako Victoire, mwambie sijakufanyia kitu. Mwanangu Parfait anakusalimu. Kiswahili anasikia tu, lakini amesema eish, urudi. Baba yako mdogo naye anakuombea kila anapokwenda zamu. Mungu wa wazazi wetu akufunike huko uliko, wewe na nyumba yenu yote.

Sikuzuii kuacha. Umechoka, nimeelewa, ingawa hasira haijaniisha. Lakini kabla hujaacha, pokea simu yangu Jumapili jioni, uniimbie ule wimbo wa binti mfalme wote, bila kutunza chochote. Nitafunga mlango wa saluni nikae peke yangu. Ukimaliza, acha ukitaka.

Mimi tantine wako, nakupenda na nimekasirika,
Clémentine