Mke Wangu Kaniomba Saa Moja

Mpendwa Shangazi, nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hunicheka kwanza, na mimi sasa sina nguvu za kuchekwa. Mimi ni fundi miwani, mke wangu anashona mapazia hapa hapa nyumbani, mapacha wetu wameshaota mbawa wakaruka, na nina ugonjwa mmoja tu, wa kukusanya saa za zamani za wapiga mbizi wa jeshi, zile walizokuwa wakigawiwa kazini na kutakiwa kuzirudisha stoo, nzito, nyeusi usoni, mgongoni zimechongwa namba, na zina ukingo unaozungushwa ili mtu aliye chini ya maji ajue hewa yake imebaki ya muda gani.

Shangazi, hata kuogelea sijui. Lakini Jumapili baada ya chakula nikishafunga mapazia ya chumbani nikajilaza na saa sikioni, nyumba yote hunitoka, nikajiona nashuka taratibu kwenye maji ya kijani, mwanga unapungua juu yangu, samaki wananipita bila salamu, na mkononi zile nukta za rangi ya asali zinawaka kidogo kidogo, na namuwaza yule mtu nisiyemjua ila kwa namba yake, aliyewahi kuitazama saa hii hii akijiuliza kama atafika juu, na nikizinduka chai pembeni yangu imeshapoa na mke wangu amesharudi kwenye cherehani. Hiyo ndiyo raha yangu, sinywi, sizururi.

Mwezi uliopita alisimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, akasema, "Baba Pacha, una saa zote hizo. Mimi naomba moja tu. Saa moja." Nikashtuka, maana hajawahi kuzitaka, na kwa mkono wake mwembamba zingempanda mpaka kwenye kiwiko. Nikahangaika wiki nzima nimpe ipi, hii siwezi, ile ndiyo kipenzi changu, mwishowe nikachagua moja ambayo nukta zake zimekufa hazing'ai tena, nikaifunga kwa karatasi nzuri. Aliifungua, akacheka, halafu akalia, akaiacha mezani. Sasa amehamia kwa dada yake, na huyo shemeji hapokei simu zangu. Nadhani waligundua nimetoa iliyochoka.

Niko tayari kutoa nzuri, Shangazi, roho inaniuma lakini niko tayari, sitaki kuzeeka peke yangu. Niambie tu, nimpe ipi?

Mzamiaji wa Nchi Kavu

SHANGAZI ANAJIBU

Mzamiaji, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa huruma. Mke wako hakutaka saa ya kuvaa. Aliomba saa moja ya siku yako, mkae wawili, basi. Na wewe ukamfungia chuma kwenye karatasi.

Lugha yetu nayo imekutega, neno moja linabeba vyote viwili, na kichwa chako kimejaa za aina moja. Wala sizichukii saa zako. Nilifumba macho nikashuka nawe kwenye hayo maji ya kijani, na nakiri palinipendeza. Mtu mwenye ndoto kama hizo hana roho mbaya. Lakini hebu niambie, hiyo chai iliyopoa aliileta nani, na alisimama hapo kwa muda gani akikutazama? Unamhurumia askari usiyemjua kwa kuishiwa hewa, na mwenzako anaishiwa hewa chumba cha pili. Hapo umenikera, baba.

Sasa nisikilize. Usiuze hata moja, maana utamfanya mkeo aonekane mwizi wa raha yako, na mtaishia kununiana. Usimpelekee nyingine pia, hata hiyo kipenzi. Simu achana nazo, shemeji yako ana haki ya kukasirika. Nenda mwenyewe, leo, ukamwambie ulivyomwelewa, neno kwa neno kama ulivyoniambia mimi, pamoja na ile wiki nzima ya kuchagua. Akicheka, mwache acheke mpaka amalize. Kisha kaa. Habari za namba na ukingo usizilete mpaka aulize mwenyewe. Akizungumzia mapazia, sikiliza mapazia, na uulize swali moja la maana. Saa zote ziache nyumbani, mkono wako uwe wazi, alama ya mkanda aione.

Na akikuuliza saa ngapi sasa, mwambie hujui.