Nyumba Imekwisha, Sisi Bado Tuko Jikoni

Nunguni, Jumamosi, Oktoba 1986

Leo ukungu haukuondoka kabisa. Baridi ni ile yetu ya kuingia hadi kwenye mifupa, na kabla ya saa sita mvua ya kwanza ya vuli ikaanza kunyesha. Watu wote huku milimani wamefurahi, mahindi yatapandwa. Mimi sikufurahi, kwa sababu paa la jiko letu ni la nyasi kuukuu, na jikoni ndiko tunakolala.

Naandika jioni, bado kuna mwanga dirishani. Mikono inauma. Nina hasira, na chini ya hasira kuna upweke, na huo ndio mkubwa.

Nyumba ilikwisha tangu Julai. Ile ya udongo niliyoikuta nilipoolewa ilikuwa inamomonyoka pembe zote, basi tukabomoa kuta na kuzijenga upya kwa matofali tuliyochoma wenyewe kule chini ya shamba. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walibeba maji na mchanga huku wakiimba na kunitania kwamba mume wangu, Baba Mutua, akirudi ataipita nyumba yake, adhani ni ya chifu. Tukaezeka mabati. Tukamwaga saruji sakafuni. Halafu nikaanza kuingiza vitu, kimoja baada ya kingine: kitanda kikubwa cha seremala wa sokoni, viti vya sofa, kabati la vyombo lenye vioo. Vitambaa vya viti nilishona mwenyewe, vyeupe, vyenye maua ya manjano pembeni.

Wakati wa ujenzi mimi na watoto tulihamia jikoni. Tulisema ni wiki chache tu.

Sasa hapa ndipo penye shida. Kwetu, nyumba mpya hailalwi hivi hivi. Mume na mke ndio wanaolala humo kwanza, wawili peke yao, kama mume na mke. Ndipo watoto waingie. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu, yaani mama, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua, anashikilia hilo kwa mikono miwili. Anasema mke akitangulia kulala humo bila mumewe, amewaitia watoto mabaya, na tena amewatangazia watu kwamba hana mume.

Nilijaribu kumwambia kwamba hii si nyumba mpya, ni ile ile ya zamani, nimebadilisha kuta tu.

"Na paa?" akaniuliza.

"Na paa, Mwaitu."

"Ukibadilisha kuta na paa, kilichobaki ni nini? Uwanja?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Mchungaji wetu anasema hayo ni mambo ya giza na Mkristo hapaswi kuyaogopa. Lakini mchungaji analala kwake, na mkewe yuko kando yake.

Baba Mutua anafanya kazi bandarini Mombasa. Alisema atakuja Agosti tuingie nyumbani. Agosti ikapita, akasema Septemba. Na mimi nikawa kila Jumamosi naingia, nafagia, napanguza vumbi kwenye kabati, natandika kitanda kisicholaliwa na mtu, nafunga mlango, narudi kwenye moshi. Kuingia kufagia naruhusiwa. Kulala ndio mwiko.

Mwanzoni hata nilipenda. Nitakubali hapa. Ni mama gani mwenye watoto watatu hapendi sebule isiyo na alama ya kidole hata kimoja? Mutua, mkubwa wangu, alikuwa akichungulia dirishani kama mtu anayeangalia duka. Mwikali, binti yangu, nilimkuta siku moja amekaa kwenye kiti cha sofa, ameweka miguu pamoja, amenyooka kama mgeni. Nilimfukuza. Sasa nikikumbuka alivyoruka, moyo unaniuma.

Kioko, kitinda mimba wangu, ndiye aliyeanza kukohoa. Ana miaka minne. Moshi wa jikoni umemkaa kifuani, na usiku nikimsikia nahesabu kikohozi chake badala ya kulala.

Leo mchana, mvua ikiwa bado ya rasharasha, akaja Musyoka, binamu ya mume wangu. Wanafanya kazi pamoja huko Mombasa. Aliingia jikoni ameinama, kofia mkononi, na siku hizi anaongea Kiswahili cha pwani mpaka kuku wanashangaa. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo karibu na moto. Nikampa chai.

"Shemeji, mzee anakusalimu sana," akasema. "Na ametuma hii."

Ilikuwa debe la rangi. Limefunguliwa, kisha likafungwa tena kwa kupigwa nyundo. Rangi ilikuwa imetiririka pembeni ikakauka, na ilikuwa ya waridi.

"Mbona ni nusu?"

"Hiyo imebaki. Alikuwa anapaka chumba huko."

"Chumba cha nani?"

"Si ni chake tu."

"Baba Mutua? Apake chumba cha kupanga rangi ya waridi?"

Musyoka akaanza kukoroga chai. Ilikuwa imeshakorogwa. Akakoroga tena.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

Nikamuuliza mzee anakuja lini. Akasema Krismasi, Mungu akipenda. Ama Pasaka. Hakuniangalia usoni, wala hakumwangalia shangazi yake, mama mkwe wangu. Chai hakuimaliza. Alisema anawahi gari kabla barabara haijaharibika, akatoka.

Niandike wazi, kwa sababu hapa hakuna wa kunihurumia. Kuna mwanamke. Nafikiri nimejua tangu mwaka jana na nikajifanya sijui. Lakini kilichonichoma leo si huyo mwanamke, simjui hata jina. Ni ile brashi. Mume wangu ameshika brashi, amesimama kwenye kiti, amepaka ukuta wa mtu rangi aliyoipenda mtu huyo. Mimi nilipomuuliza madirisha yetu tupake rangi gani, alisema nichague mwenyewe, yeye hajui mambo hayo. Hapa hajabeba tofali hata moja. Nilikuwa namtetea mbele ya akina mama wa mwethya, nasema kazi ya bandari haina likizo.

Mwikali alifurahia rangi, masikini. Akauliza kama ni ya chumba chao.

Nikasema tutaona.

Kisha mvua ikaanza yenyewe, ile ya kumwagika. Nyasi za paa zikashindwa. Maji yalianza kudondoka kwenye godoro la watoto, halafu kwenye unga, halafu kila mahali. Kioko akakohoa mpaka akatapika chai. Nilimbeba mgongoni, nikakunja godoro, nikamwambia Mutua ashike upande wa pili.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Mama Mutua, unafanya nini?"

"Nawatoa watoto kwenye maji."

"Mngoje mwanangu aje."

"Mwaitu, umemsikia Musyoka."

Mvua ilikuwa inapiga kelele kwenye mabati ya nyumba kubwa kana kwamba inatuita wajinga.

"Nimemsikia," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo sana, "Basi njooni mlale kwangu."

Nilitaka kukubali. Namheshimu, na si yeye aliyenikosea. Kwake kuna kitanda kimoja na mbuzi wawili, lakini tungebanana.

"Leo tutalala kwako, Mwaitu. Na kesho? Na Krismasi? Na Pasaka?"

Alisogea kando, tukapita.

Tulikwenda na kurudi mara nyingi, uani ni tope tupu. Magodoro, blanketi, sufuria, sare za shule, jogoo. Mutua alifika mlangoni pa nyumba akasimama, akaniangalia. Yeye ni mkubwa, anajua maana yake. Nikamwambia, ingia baba. Akavua viatu kwanza.

Mama mkwe alibaki uani amejifunika leso kichwani, analowa. Nilimwita aingie. Akatikisa kichwa, akaenda kwake. Nikajua ameniacha, na kwamba kesho kanisani mimi ndiye nitakuwa habari yenyewe. Wale walionibebea mchanga watanikumbatia, halafu watanong'ona. Nisiwalaumu, mimi pia nimewahi kunong'ona.

Baada ya muda nikasikia hodi. Alikuwa amesimama kizingitini na blanketi lake, lile zito la mistari. Mguu haukuvuka. Alimnyooshea Mwikali.

"Saruji ina baridi," akasema. "Mfunike mdogo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nimepoteza mume, labda. Yeye ndiye aliyemzaa, na hawezi kumkana. Tulitazamana hivyo, yeye nje, mimi ndani, kisha akageuka.

Sasa watoto wako kwenye kitanda kikubwa, wote watatu. Nimewapa wao. Wanacheka kwa sababu sauti zinarudi kutoka kwenye kuta. Kioko amekohoa mara moja tu tangu tuingie. Kuna tope kwenye sakafu yangu, kuna vidole kwenye kioo cha kabati, na jogoo amekifanya kiti kimoja kuwa chake. Nimeviacha hivyo hivyo.

Mimi nitalala kwenye kiti cha sofa. Kitandani nafasi ipo, wangejisogeza. Lakini usiku wa leo sitaki kulala mahali palipopimwa kwa ajili ya watu wawili.

Nimejaribu kuomba. Sikujua nianze na lipi, nikashukuru tu kwa mabati.

Kesho nitaamka ndani ya nyumba yangu. Kama nitaamka nikiwa bado mke wa mtu, hilo sijui.