Bawa la Kufagilia Majivu

Kambi ya ziwani, 9 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mbu wamenigawana. Goti la mama linaendeleaje?

Jua la kiangazi cha huku kwetu, karibu na ncha ya kaskazini, halizami, na usingizi umenisusa. Nauzunguka mlima na darubini nikiandika kila ndege nimwonaye. Anayetakiwa hasa ni bundi mweupe, maana analindwa na sheria. Kiota chake kimoja tu kikionekana, kampuni ya umeme haijengi minara ya upepo hapa. Kisipoonekana, wanajenga, na kulungu wetu wa theluji tunaowafuga watafute pengine pa kuzalia. Mpaka sasa sijaona hata kinyesi chake.

Jovnna akija na pikipiki kuniletea barua na mkate, mpe na nyama kavu.

Mwanao,
Risten

*

Nyumbani, 15 Juni

Risten binti yangu,

Marahaba. Goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio. Mimi nimechoka kama mbwa wa machungani, lakini nala.

Kwetu mtu akikuuliza una kulungu wangapi ni kama amekutia mkono mfukoni. Babu yako alikuwa akijibu, "Wa kutosha kunisumbua." Leo nimezaa mtu anayelipwa kuhesabu! Haya, hesabu basi: andika bundi mmoja. Nani atakwenda kumuuliza? Jovnna anasema andika wawili, mmoja ataona upweke.

Babako,
Ovllá

*

Kambi ya ziwani, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Mwambie Jovnna aendeshe pikipiki yake. Mwaka huu panya wa mlimani hawapo, na bundi haji kwenye sahani tupu. Nikidanganya, watakuja kukikagua kiota, na kuanzia hapo hata tai wa kweli nikimwandika hataaminiwa. Umebaki upande wa kaskazini, kwenye mawe. Miguu haitaki, naiburuta.

Mwanao,
Risten

*

Nyumbani, 26 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Humu ndani ya bahasha mna unyoya. Nimeuokota upande wa kusini nikimtafuta kulungu jike aliyepotea. Mimi sisemi kitu, mtaalamu ni wewe. Mama yako hajui kama nimeandika.

Babako

*

Kambi ya ziwani, 2 Julai

Baba,

Shikamoo. Unyoya ni wa bundi mweupe, hakuna ubishi. Ila unanuka moshi wa jiko letu na ncha yake imeliwa na majivu. Ni wa lile bawa la bibi la kufagilia majivu jikoni. Nimefagia nalo utoto wangu wote, baba.

Hata hivyo nilikaa nao mkononi, kalamu ikiwa wazi, muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kaskazini nako hakuna. Nimeandika: hakuna. Helikopta iliichukua taarifa jana.

Mwanao,
Risten

*

Kambi ya ziwani, 13 Julai

Baba, Jovnna amekuja mara mbili bila barua yako. Anasema una kazi nyingi. Akidanganya hujikuna kisogo, na safari hii amejikuna mpaka kofia imeanguka.

Risten

*

Nyumbani, 20 Julai

Risten,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Nilikasirika, kisha nikachoka. Hasira inataka kijana. Mama yako amekwisha jua. Kila akifagia, nyuma ya bawa unabaki mstari wa majivu, upana wa unyoya mmoja, naye hunitazama. Urudishe.

Kampuni imemtuma mtu na vigingi vya rangi kuonyesha minara itakaposimama. Tulimpa kahawa, akanywa, jibini tunalotia ndani ya kahawa akaliacha kwenye kitako cha kikombe.

Keshokutwa tunawakusanya ndama kuwatia alama masikioni. Njoo, uje na kalamu yako. Wahesabu wote, wakubwa kwa wadogo, maana huenda ndio wa mwisho kuzaliwa kwenye mlima ule. Mimi nitageuka nitazame ziwani.

Ukimaliza, usinitajie idadi.

Babako