Mahali pa Kuweka Darubini

Kamachumu, Muleba
6 Septemba 2024

Koku mwanangu,

Habari za huko Bukoba? Kile kikohozi kimekuachia, na wajukuu wangu wanakula? Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika asubuhi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu neno moja moja, na jambo hili linahitaji maneno.

Wale wanafunzi wangu wa fizikia waliokuja kumzika baba yako walikuwa na lao. Wamechangishana wanipe zawadi ya kustaafu, na Lukmani, yule anayefanya kazi Dubai, akaniuliza nataka nini. Nilisema darubini kabla hajamaliza swali. Maisha yangu yote nimefundisha pete za sayari ya Zohali kwa mchoro wa chaki, na sijawahi kuziona kwa macho yangu.

Sasa natakiwa kuchagua, na tangu niambiwe hivyo situlii. Amenitumia picha za darubini mbili. Moja ni kubwa, kioo chake kina upana wa inchi kumi na mbili, bomba linanifika kifuani, limekalia kitako cha mbao na unaligeuza kwa mkono. Haina umeme wala kompyuta, ila inakusanya mwanga mwingi, hata nyota hafifu zinajitokeza. Ubaya wake, inabebwa na watu wawili, mmoja bomba, mwingine kitako. Nyingine ni ya inchi nane, fupi na nene kama kinu, na ina mota. Unaiandikia "Zohali", inageuka yenyewe kuitafuta. Hiyo naweza kuihamisha peke yangu.

Asubuhi nataka kubwa. Nikishapika nataka ndogo. Jioni nazunguka kibanjani, kati ya migomba, nikibishana na nafsi yangu, mpaka jirani yangu Joviana ananiuliza nimepoteza nini. Niambie wewe ungechukua ipi. Lukmani anataka jibu kabla Oktoba haijaisha, kwa kuwa ataileta mwenyewe akija likizo.

Mama yako

*

Kashai, Bukoba
17 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Kasinge waitu, nakuamkia kwa heshima zote. Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Wajukuu wako wanakula mpaka naogopa kufungua jiko. Pole na magoti, ile dawa ya kuchua uliimaliza au uliigawa?

Chukua ndogo, Mama. Nimesoma mitandaoni walichoandika wanaozitumia, na kuhusu ile kubwa wanasema hivi: wiki ya kwanza ni furaha, baadaye inakaa sebuleni inafunikwa kitambaa, kwa sababu ya uzito. Tena kila ukiitoa unaviweka sawa vioo vyake upya. Nani atakushikia upande wa pili? Baba hayupo.

Na niseme lililo moyoni. Tangu tumzike pale Pasaka sijalala vizuri nikikuwaza peke yako kwenye nyumba ile. Chumba chako hapa kiko tayari, kina mlango wa kutokea roshani, na darubini ndogo itakaa hapo bila shida. Kibanja atakiangalia baba mdogo Anatory. Naomba usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Binti yako,
Koku

*

Kamachumu
12 Oktoba 2024

Koku,

Mmeamkaje huko? Sisi mvua zimeanza, kahawa inapendeza, na mimi sijambo kwa mtu asiyelala. Uliniambia nisijibu haraka, nami nimetii kuliko ulivyotegemea.

Nimefanya utafiti. Juzi jioni nilimburuta Joviana hadi kule kwenye rweya, uwanda wazi usio na mti, nione kama ndiyo mahali pa kuweka darubini. Mbingu ipo yote, lakini na upepo upo wote, na ng'ombe wa watu walitutazama kama wezi. Lukmani naye ananiambia kioo cha mbele cha ile ndogo kinashika umande. Kwa ukungu wetu huu nitakuwa mfuta kioo. Halafu nakuuliza, chombo kinachoijua mbingu kuliko mimi, mimi nitakifanyia kazi gani? Nitakishikia mwavuli?

Roshani yako naijua. Inatazama mawingu ya ziwani na taa za ile baa ya jirani. Hata hivyo Jumanne nilimwandikia Lukmani kwamba nataka ndogo. Jumatano nikamwomba ausahau ujumbe wa Jumanne. Anasema darasani sikuwa hivi, na ni kweli, darasani nilikuwa na majibu nyuma ya kitabu.

Chumba ni kizuri, asante. Kuna kazi ndogo ya ujenzi nataka niimalize kwanza. Fundi Elieza ameshaleta mchanga. Tutaongea.

Mama yako

*

Bukoba
21 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nataka kukuuliza hali lakini ndicho kinachoniumiza, kwamba siijui. Simu yako haipatikani tangu Ijumaa.

Baba mdogo Anatory amenipigia. Anasema umekata migomba kando ya kaburi la Baba na Elieza anamwaga zege hapo. Ukoo mzima unajua kwamba Mwalimu Vestina anajijengea kaburi. Wananiuliza nani amekuudhi, na ni ugonjwa gani uliotuficha. Nilikaa chini hapa dukani nikalia mbele ya wateja, sikuona haya.

Kama unaumwa, niambie mimi kabla ya fundi. Nimempigia Lukmani. Nimemwambia alete ndogo, kwa sababu unahamia kwangu. Jumapili nakuja na gari kuchukua vitu vyako. Kasirika ukitaka, Mama, lakini ukasirikie hapa nikikuona.

Koku

*

Kamachumu
24 Oktoba 2024

Koku mwanangu,

Umetulia? Nakuuliza kwa dhati, kwa sababu barua yako ilifika ikihema. Mimi siumwi. Simu ilidondoka kwenye zege, Elieza akaiokoa ikiwa imeshakata kauli. Barua hii nampa kondakta wa basi ikufikie kabla ya Jumapili.

Zege ni la darubini. Udongo wa kibanja ni laini na nyasi tulizotandaza zimeoza, kitako cha mbao kingezama upande. Nilimwambia Elieza anijengee sakafu ya kuwekea darubini. Aliitikia vizuri, kisha akaenda kuwaeleza watu alivyoelewa yeye. Kesho yake wanawake wa jumuiya walifika na mikungu ya ndizi na maharage, wakakaa kimya sebuleni kama penye msiba. Katekista akaniuliza kwa upole kama nimeungama. Nikashindwa kujizuia, nikacheka, nao wakazidi kunihurumia.

Utauliza kwa nini hapo. Kibanja chetu kimefunikwa chote, ukiinua macho unaona majani. Mahali pekee penye uwazi ni pale tulipokata migomba ili kumzika baba yako. Nimekuwa nikiishia hapo kila jioni tangu Pasaka. Nililia, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa natazama juu.

Lukmani ameniambia ulichomwagiza, nimempigia kwa simu ya Joviana. Nilikasirika, Koku, na bado. Uliniogopea, naelewa, ila mimi si kabati la kuhamishwa Jumapili. Nimemwambia alete kubwa, na safari hii sitamwandikia tena Jumatano. Joviana atashika bomba, mimi kitako.

Njoo hiyo Jumapili na watoto. Gari lije tupu, litarudi na ndizi, maana nimeletewa za kulisha matanga na hakuna aliyekufa.

Jambo moja ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Anatory. Elieza aliponiuliza vipimo, darubini ilihitaji sakafu ndogo tu, ya hatua moja huku na hatua moja huku. Nilimwambia aongeze urefu. Kwa hiyo watu hawakukosea sana, nawe hukulia bure, na kwa hilo nisamehe. Sina haraka. Nataka kuiona Zohali, na nikishaiona nitataka kuona nyingine. Ila sihami. Siku yangu ikifika mtalivunja zege hilo mnilaze hapo, kushoto kwa baba yako, upande niliolala miaka yote.

Mama yako